Achol Wawili na Kanuni Niliyoiandika

Thongpiny, Juba

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote mlio hapo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Na ile dawa ya presha, unaimeza kila asubuhi ama unangoja mpaka kichwa kiume? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haina raha, ndiyo maana sikupiga simu. Ungesikia sauti yangu ukaanza kulia, nami ningelia, tukose kuambiana kitu. Barua hii nampa Wafula dereva, anayeshuka Kitale kesho.

Mama, nimemkosea mtu, na mtu mwenyewe amelazwa.

Unakumbuka ulivyowatangazia akina mama wa kanisa kwamba binti yako anafundisha kompyuta kuongea? Kazi yenyewe ni hii. Shirika letu linagawa dawa za kisukari, na kuna kanuni ndani ya kompyuta zinazoamua nani apewe na lini. Niliziandika mimi, nikiwa bado Nairobi. Mwaka huu nikaambiwa niziunganishe na msaidizi wa AI, yule unayemwandikia kwa simu naye anakujibu kama mtu. Yeye haamui lolote. Mgonjwa akimuuliza, anaziita kanuni zangu, zinampa jibu, naye analipeleka kwa Kiarabu cha Juba, kwa adabu zote. Nilimfunga kabisa asibuni neno lake mwenyewe. Nilijivuna sana, sitakudanganya.

Sasa sikia. Kanuni moja inasema majina matatu yakifanana, na tarehe ya kuzaliwa ikiwa ile ile, basi huyo ni mtu mmoja, asipewe dawa mara mbili. Kwetu ingefaa. Lakini hapa wengi walizaliwa vitani, hawana cheti, na wakienda kuandikishwa mwaka unakisiwa tu, tarehe wote wanapewa ya kwanza Januari. Na akina Achol Deng wamejaa mji mzima, wengine hata jina la babu ni lile lile.

Miaka miwili hakuna aliyeumia, kwa sababu kwenye dirisha la kutolea dawa alikaa Mzee Lado. Kanuni ikikataa, yeye alimtazama mtu usoni, akabonyeza "kubali", akampa dawa. Mimi niliziona hizo "kubali" zake kwenye rekodi nikadhani mzee anapendelea jamaa zake. Sikumuuliza. Nilipounganisha AI nikakiondoa kile kitufe, naye akahamishiwa stoo.

Basi Achol mmoja, anayeuza chai soko la Custom, akaulizia dawa yake. Msaidizi akamjibu kwamba ameshachukua ya mwezi huu. Aliyechukua ni Achol mwingine, wa mtaa wa Atlabara. Akauliza mara tatu, akajibiwa vile vile, kwa upole ule ule. Wiki ya pili akaanguka kando ya jiko lake la chai.

Nilipomfuata Mzee Lado stoo, alinijibu kwa Kiswahili chake cha ukimbizini Uganda: "Mimi iko najua hawa Achol wawili zamani. Moja mrefu, moja iko na kovu hapa. Wewe hapana uliza mimi." Wala hakupandisha sauti. Heri angenitukana.

Mkubwa wetu anataka niandike kwenye ripoti kwamba AI iliteleza. Kila mtu angeamini, na mkataba wangu ungeendelea. Nilikaribia kuandika hivyo, Mama. Nilikuwa nimeshaanza sentensi.

Jana nikaenda wodini kumwona Achol. Mguu mmoja umevimba, na daktari hasemi kama utapona. Nikamweleza yote, muuguzi akitafsiri. Akauliza, "Na yule mwingine? Sasa mtamkatia yeye dawa?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Khalas, basi," akageukia ukutani. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Leo asubuhi nimeifuta ile sentensi. Nimeandika kwamba AI ilifanya nilivyoiambia, na aliyekosea ni mimi, jina langu liko chini. Kitufe cha Mzee Lado nimekirudisha, naye nimemwomba arudi dirishani. Sikungoja ruhusa. Mkubwa hajanijibu mpaka sasa, na mlinzi wa getini ameanza kunitazama kwa huruma. Kwa hivyo usishtuke ukiniona hapo mlangoni na begi.

Nisalimie Baba, umweleze polepole, asikasirike kabla hujamaliza. Nisalimie mdogo wangu Nekesa na wanafunzi wake, na umwambie aondoe nguo zake kwenye kitanda changu. Bibi yetu Kukhu mshike mkono kwa niaba yangu. Mke wa mchungaji msalimie pia, ila haya mengine asiyasikie kwanza.

Na ukipiga magoti, usianze na mimi. Watangulize Achol, wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

Ni mimi binti yako,
Nafula