Kufuli ya Geti la Shamba

Mghoi mjukuu wangu,

Huku Mwanda tu wazima, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza kama utie kufuli kwenye geti lako huko Mombasa, maana wezi wanakunyima usingizi.

Kiangazi kimoja babu yako alipigilia komeo kwenye geti la shamba, akatia kufuli, akashuka Voi na ufunguo mfukoni. Kumbe zamu ya maji ilikuwa ya jirani yetu, Mama Mwakio, na mfereji wa kijiji hufunguliwa ndani ya shamba letu. Nilimwona amesimama nje na jembe, na kabichi zake zinakauka. Nilichukua shoka nikaling'oa lile komeo.

Wewe funga, mama. Lakini ufunguo mmoja mpe jirani. Mwizi namwogopa, ila naogopa zaidi siku utakayougua humo ndani, na wa kukufungulia hayupo.

Nyanya yako