Chupa Niliyoisifu

Jumatano, mwezi wa Shaabani, Bagamoyo.

Mvua haijakatika tangu alfajiri. Nimechoka, wala si kwa kazi.

Tuko wanafunzi wawili katika duka la dawa la tabibu wetu, Hakimu Isufali: mimi na Mwinyimvua. Mwezi uliopita, Hakimu akiwa Unguja, alikuja wakala wa kampuni moja ya Ulaya, mtu wa maneno matamu. Alitupa kila mmoja mwavuli na kitambaa cha kanzu, akatuomba jambo dogo tu: akija mgonjwa wa homa, tumsifie dawa yake ya chupa. Mwinyimvua alisema zawadi haimbadilishi mtu mwenye akili zake.

Nami niliamini hivyo.

Hazikupita siku nyingi nikajisikia nasema maneno ya wakala kama niliyoyahifadhi chuoni. Kwinini, dawa ya kweli ya homa, ilikuwepo kwenye rafu. Mkono wangu ukaenda kwenye chupa alizotuachia wakala.

Leo asubuhi Bi Mwanaidi, msuka mikeka wa mtaani kwetu, amekuja na chupa tupu. Mumewe ni mpagazi, karudi kutoka bara na homa. Ameinywa dawa ile siku tano, sasa hainuki, anaweweseka. Hakimu, aliyerejea juzi, akaonja matone yaliyobaki, akatema.

"Sukari na kileo! Nani kampa?"

Mwinyimvua akatazama chini.

"Mimi, Hakimu," nikasema.

Bi Mwanaidi hakunitukana. Alisema tu, "Nilikuuliza, mwanangu. Ukaniambia ungempa hata baba yako."

Hilo lilinikata maini. Baba ningempa kwinini.

Nimeipeleka mwenyewe nyumbani kwake, nikakaa na mgonjwa, nikamnywesha. Kabla ya magharibi jasho limemtoka, akamtambua mkewe, akaomba uji. Alhamdulillahi. Hakimu hakunifukuza. Kaniambia ulimi wa mwuza dawa ukishanunuliwa, mgonjwa hana pa kukimbilia.

Mwinyimvua bado anasema kosa ni la wakala. Labda. Lakini wakala hamjui Bi Mwanaidi. Mimi namwamkia kila siku.

Na wapo wengine watatu niliowapa dawa ile. Wawili nazijua nyumba zao, kesho nitapiga hodi kabla hatujafungua duka. Wa tatu ameondoka na msafara wiki iliyopita, chupa imo mzigoni mwake.

Huyo nitamfikia vipi?