Kompyuta Imehamia kwa Yule Dada

"Miji yote ile, ukaona wa kwake tu?" Ndivyo nilivyomwambia mume wangu, shoga, na bado tunazozana. Yuko sebuleni kanuna.

Sikia. Jana kaweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya nyumbani. Unajua inavyouliza uko mji gani ili ijipangie saa? Leo naiwasha saa moja asubuhi, inaniandikia 1:00. Naangalia mji aliouchagua. Shoga! Ni kule alikoolewa mchumba wake wa zamani!

Nikamuuliza, "Unataka kujua saa za kumpigia akiwa macho?"

Akajibu, "Mama watoto, nimemfanyia mama." Mama yake mzazi! Eti bibi akiona 7:00 asubuhi anadhani ni saa saba mchana, anauliza chakula kiko wapi. Kwa hiyo akatafuta mji ulio nyuma yetu saa sita, kompyuta isome saa kwa Kiswahili.

Mama mkwe naye akadakia kutoka chumbani, "Mwache mwanangu! Leo ndiyo mara ya kwanza hiyo mashine kusema kweli."

Kicheko nilikimeza. Miji ya saa hizo imejaa kwenye ile orodha. Imejaa! Kidole chake kilijuaje njia?

"Ndio mji pekee ninaoujua huko," anasema. Anaujua!

Basi. Nimeingia kwenye mipangilio sasa hivi, nimechagua mji mwingine wa saa zile zile, hata kuutamka siwezi. Saa ya mama mkwe haijatikisika. Yule dada ndiye niliyemhamisha.