Tumbo Langu Limepungua Inchi Moja na Nusu, na Mama Mkwe Hajui

Mpendwa mshauri, shikamoo, na pole na kazi ya kusoma matatizo yetu. Naomba unisaidie upesi, maana nimefika mahali nashindwa hata kumtazama usoni mtu anayenipenda.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na moja, nimeolewa na fundi friji, mwanamume mpole asiye na makuu, na mimba yangu ina wiki thelathini na sita. Hii ni ya pili. Ya kwanza ilifika miezi saba, siku moja nilikwenda kliniki nikacheka na wenzangu kwenye benchi, nikaitwa, nikapanda kitandani, nesi akaweka tumboni kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, akasogeza, akasogeza tena, akaenda kumwita mwenzake, na yaliyofuata naomba nisiyaandike.

Mimba hii ilipoingia mwezi wa saba mama mkwe akaja kukaa nasi. Mshauri, nikikueleza huyu mama utadhani natunga. Amekuwa mpishi wa shule miaka ishirini na sita, sasa amestaafu, ana nyumba yake na kuku wake na kikundi chake cha akina mama, akaviacha vyote akaja na begi moja. Nikiamka maji ya kuoga yako tayari, jioni miguu ikivimba anaipakata anaikanda huku ananisimulia vituko vya walimu wakuu waliokuwa wakinyemelea jikoni kwake kuomba ukoko, nikishikwa na kiungulia anakaa na mimi mpaka kipite, na sijawahi kumsikia akihesabu alichonifanyia. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tano, kwa hiyo nilikuwa sijui kuulizwa "mwanangu, umekula?" kukoje. Nashukuru mpaka naogopa.

Na huyo ndiye ninayemdanganya. Tangu nitimize wiki thelathini na mbili sijakanyaga kliniki, nimekosa mara mbili, miguu inagoma kabisa nikikumbuka kile kitanda. Siku ikifika navaa, nabeba kadi, mama mkwe ananisindikiza mpaka barabarani ananipungia mkono, nami nakata kona naingia saluni kwa rafiki yangu msusi, nakaa saa mbili chini ya ile mashine ya kukaushia nywele ambayo hata haijawashwa, kisha narudi nasema, "Mama, mtoto mzima, nesi amefurahi." Yeye anainua mikono anashukuru Mungu, mara moja alicheza kabisa pale sebuleni na mwiko mkononi, nami nikasimama nampigia makofi kwa uongo wangu mwenyewe.

Nikaona badala ya kliniki nijipime mwenyewe, si kupima watu ndiyo kazi yangu? Kwenye daftari la vipimo vya wateja ukurasa wa mwisho nimeandika "Mteja Mdogo", na kila Jumamosi nazungusha futi chini ya matiti, pale pale ninapompima mjamzito anayetaka gauni. Wiki zote kipimo kikawa kinapanda. Jumamosi iliyopita kimeshuka inchi moja na nusu! Nikasema futi imelegea, nikaazima ya fundi jirani, ikasema vile vile. Gauni linapwaya juu. Pumzi iliyokuwa inanikaba sasa inapita vizuri, choo naenda kila baada ya dakika kumi, na huku chini nasikia uzito kama nimebeba jiwe. Kucheza anacheza, hasa nikianza kukanyaga cherehani, ila nawaza, kama anapungua, atacheza mpaka lini?

Mengine ni uchovu wa kazi tu. Shule zinafunguliwa na sare zimejaa mezani, kichwa kinaniuma siku ya nne hii kwa ajili ya kuinama na dawa ya maumivu haisaidii, nikitunga uzi naona vimulimuli, nadhani nahitaji miwani, na vidole vimenenepa hata haviingii kwenye mikasi, uso nao umejaa, mume wangu ananitania eti nimekuwa bosi.

Sasa mshauri, mtoto wangu anapungua kweli? Na huyu mama nimwambie, au ninyamaze mpaka nijifungue? Yeye amekuja kwa ajili ya mjukuu. Nikimkosa tena huyu mtoto, halafu ajue kwamba nilikuwa nakaa saluni, atanitazama kwa jicho gani? Namba yangu nimeiandika nyuma ya karatasi. Nakushukuru hata kabla hujanijibu.

Ni mimi, Fundi Mwongo

JIBU

Mwanangu fundi, marahaba. Kitu kimoja ulichofanya sawasawa katika barua nzima ni kuandika hiyo namba.

Wasomaji wetu wanajua kwamba kabla sijaanza kukaa na kalamu nilikuwa mkunga, na barua za wajawazito huwa nazisoma kwanza. Yako imenifikia Jumanne asubuhi. Nilianza kuisoma natabasamu, nilipofika kwenye maneno "uchovu wa kazi tu" nikaangusha chai. Nikakupigia. Ukapokea, na nyuma yako nasikia cherehani bado inakwenda! Nikakwambia simama, acha kukanyaga, weka mikasi chini, nipe mama mkwe. Ukasema hapana, bado hujamwambia. Nikakufokea, na sikuombi radhi. Nawe ukalia, ukampa simu, nikamwambia akupeleke hospitali saa hiyo hiyo, ya saluni sikuyagusa.

Kila kitu nilichokwambia kwa haraka siku ile nakiandika hapa taratibu kwa ruhusa yako, maana wapo wengi wenye tumbo kama lako wanaosoma.

Tumbo kwanza. Mtoto hapungui. Umempima kwa kipimo cha gauni, na gauni halijui mtoto yuko wapi. Mwezi wa mwisho ukikaribia, watoto wengi huteremka, kichwa kinaingia kwenye nyonga, na juu panabaki nafasi. Ndiyo maana gauni limepwaya, pumzi imepata njia, na choo hakikupi raha kwa sababu kibofu kimekaliwa. Nesi hapimi kuzunguka, anapima kutoka mfupa wa kinena kwenda juu ya tumbo, tena anapapasa na kusikiliza moyo, kwa sababu wapo watoto ambao kweli hawakui vizuri na huwezi kuwajua kwa futi. Hilo daftari libaki la wateja.

Katika miezi hii mitatu ya mwisho utachoka, mgongo utauma, kiungulia kitakutembelea, miguu itavimba jioni na kupungua ukiiinua. Tumbo litakuwa linakaza na kuachia bila mpango, chuchu zinaweza kutoa maji ya manjano kidogo, usingizi utakuwa wa vipande vipande. Lala kwa ubavu, usilale chali. Hayo ni ya kawaida, ingawa kliniki unakwenda nayo vile vile.

Lakini mwanangu, kichwa siku nne na dawa haisaidii? Vimulimuli machoni? Uso na vidole kujaa? Hiyo siyo kazi, na si miwani unayohitaji. Hiyo ni presha ya mimba, na isipotibiwa huleta kifafa cha mimba, ambacho humwangusha mama na mtoto wake kwa pamoja. Ulikesha na inchi moja na nusu ambayo haina ubaya, na kilichotaka kukuua ukakifanyia utani na mumeo. Nakwambia hivi kwa ukali kwa sababu nimewahi kuwasili nimechelewa kwa watu waliokuwa wanasubiri kumaliza kazi iliyo mezani.

Wote mnaosoma, sikilizeni. Kichwa kisichosikia dawa, macho kuona giza au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu makali chini ya mbavu, damu, maji kumwagika, homa kali, au mtoto kucheza kidogo kuliko alivyozoea: usimsubiri mume arudi, usisubiri tarehe ya kadi. Hospitali, saa hiyo hiyo. Hata barua kwangu msiandike, gazeti linatoka mara moja kwa wiki.

Kuhusu kliniki sitakucheka. Kitanda kile kilikuumiza, na mwili una haki ya kukumbuka. Ila ungesema. Ungemwambia nesi, "Mimi hapa nilipoteza mtoto, naomba nishikwe mkono." Katika miaka yangu yote sikumwona mkunga aliyekataa kushika mkono. Na wewe msusi, rafiki yake, nakupenda kwa kumpa kiti, lakini siku nyingine funga saluni umburute.

Sasa mama mkwe. Uliniuliza umwambie au unyamaze. Jumanne hiyo hiyo mkiwa njiani kwenda hospitali ulimwambia mwenyewe, ukanipigia baadaye ukiwa wodini unanong'ona, "Mshauri, hakusema neno. Kanyamaza tu, kanishika mkono mpaka tulipofika. Amekasirika." Presha walikuta iko juu sana, mkojo nao haukuwa mzuri. Wakakuchoma sindano ya kuzuia kifafa, wakakupa dawa ya kushusha presha, moyo wa mtoto wakausikia vizuri, na daktari akasema Jumatano wanakuanzishia uchungu, hakuna kusubiri zaidi. Nawashukuru wote wa wodi ile, mpaka aliyesukuma kiti cha magurudumu.

Nilipanga nikuandikie hapa mistari mirefu ya namna ya kuomba msamaha. Nimeifuta. Leo Alhamisi, kabla ukurasa haujaenda mtamboni, mumeo amenipigia. Alikuwa analia na kucheka, ikabidi nimwambie avute pumzi. Amesema umejifungua salama jana jioni, mtoto wa kike, mdogo kiasi lakini mwenye sauti, na wewe presha inateremka, ingawa watakushikilia siku kadhaa. Kaa hapo hizo siku, usitoroke kwa ajili ya sare za watu, presha huweza kupanda hata baada ya kujifungua. Ukirudi nyumbani, kichwa kikianza tena, unarudi hospitali hata kama mtoto ananyonya.

Kisha akanieleza jambo ambalo wewe hukuliona, maana mlango ulikuwa umefungwa. Mama mkwe wako alisimama ukumbini tangu asubuhi, akakataa kiti. Nesi akatoka na mtoto amefungwa vizuri, akamwambia, "Bibi, hongera, mpokee mjukuu wako." Mama akamtazama mtoto, akamgusa shavu, akasema, "Nimemwona, ni mzuri, nashukuru sana. Mpe baba yake amshike. Mimi nionyesheni kwanza mwanangu."