Wimbo wa Wankyo katika Jarida Lenu

Tabora, 9 Machi 1975

Mdogo wangu Silasi,

Wale samaki wakavu, ningu, ulionitumia wamefika salama. Mguu wangu bado unauma, na mvua huku imechelewa. Jarida lenu la ngoma za asili nalo limefika. Ukurasa wa saba nimeusoma mara nne.

Dada yetu Wankyo alitunga wimbo ule akisaga mtama, wiki ile nyumba yake ya Guta ilipobomolewa ili ahamie kijiji kipya cha ujamaa. Unajua kwetu mwanamke akiwa kwenye jiwe la kusagia husema lolote, wala haulizwi. Aliimba, "Wameng'oa mlango wangu, nisagie wapi?" Wewe ukatafsiri, "Wamenifungulia mlango, nasaga kwa furaha."

Hukukosea. Lugha yetu unaijua kuliko mimi niliyeondoka miaka thelathini iliyopita. Ulimwogopa mkubwa wako wa kazi. Woga ningekusamehe, kama ungeuacha wimbo wake bila kuuandika. Lakini uliupindua, kisha ukaweka jina lake chini!

Naye asiyejua kusoma ameubandika ukurasa ule ukutani na kunitumia salamu: "Kaka, mimi niko gazetini! Wewe vitabu vyako vyote vimekuingizaga wapi?"

Nimjibu nini? Jumapili nenda huko kijijini kwake kupya, umsomee ulichoandika, neno kwa neno. Na akivuta jiwe lake aanze kusaga, usiondoke.

Ni mimi kaka yako, nisiyekucheka safari hii,
Ryoba