Beseni la Shemeji Bienfait

Anderlecht, Bruxelles
Jumapili, 13 Aprili 1997

Mpendwa mdogo wangu Sylvestre,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari za huko Butembo? Ule mguu ulioteguka umepona? Uliniandikia kwamba unachechemea, kisha ukaruka habari hiyo kama kawaida yako. Sisi tunaendelea, ila baridi imegoma kuondoka na mgongo wangu unalalamika. Kazi ya kuinua wazee kitandani huko Woluwe si ya kuchezea.

Barua yako ilifika kwa mkono wa Antoinette. Niliisoma jikoni mara mbili na mchele ukaungua. Nilikasirika sana, kwanza na wewe, kisha na wazee wa kanisa letu la Wasabato huko nyumbani.

Nisahihishe kama sikuelewa. Jeshi lilipokuchukua kwa sababu wewe ni muuguzi, ulikataa bunduki kama tulivyolelewa, nao wakakubali ubebe majeruhi tu. Kisha yule askari aliyevunjika paja akakataa kupanda machela bila bunduki yake, maana akiipoteza ataadhibiwa. Ukailaza kando yake, mkashuka naye hadi mjini. Watu wa kanisa wakakuona. Sasa wazee wamekuzuia kushiriki Meza ya Bwana, wanasema umebeba silaha. Nawe unaniambia kwamba, kwa kuwa umeshahukumiwa, heri uipokee ile bunduki ambayo kamanda amekuwekea.

Nilimsomea shemeji yako Bienfait. Unamjua, tangu wamfanye shemasi hata kofia yake haikubali kushindwa. Akasema, "Bon, bunduki ni bunduki. Wazee wana haki." Nikamwuliza yeye angefanya nini. Akajibu angeiacha porini. Nikamwambia, "Na ule muntu akiteremuka kuifuata, na mufupa iko inje?" Wiki nzima tuliongea habari za chumvi na funguo tu.

Jana ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana. Unaijua desturi yetu, kwanza tunatawadhana miguu wawili wawili, wanawake chumba chao na wanaume chao. Ya upande wa wanaume nilisimuliwa na Anaclet, mzee wa kanisa letu hapa. Bienfait aliwajazia wenzake mabeseni, maana ndiyo kazi yake, kisha akajaza la mwisho, akaweka kiti mbele yake, akapiga magoti. Hakuna aliyekaa. Wenzake wakamaliza, wakavaa viatu. Anaclet akamwendea na kumwambia, "Alors, papa, mi nitaikala hapa." Bienfait akakataa.

"Namungoja beau-frère," akasema, yaani wewe shemeji yake.

Mkate ulipopita nilimwona ameketi nyuma kabisa, mikono mapajani, na hakuuchukua. Hajawahi kuukosa tangu tulipooana. Tukiwa ndani ya metro aliniambia hataikaribia Meza mpaka nawe uruhusiwe. Nililia mbele za watu, na mimi sijali.

Anaclet ameahidi kuwaandikia wazee wa huko. Sitakudanganya, wanaweza kuchelewa, wanaweza hata kukataa. Mdogo wangu, ninaogopa. Naogopa risasi zisikupate, na naogopa vilevile kuletewa habari kwamba wewe ndiye uliyezifyatua. Hukuikataa bunduki kwa ajili ya wazee, basi usiipokee kwa ajili yao.

Antoinette anarudi huko wiki ijayo kupitia Kampala, ndiye atakayekukabidhi barua hii. Ana viatu vya Gracieuse pia. Kama vinambana binti yako, usimlazimishe, wape wa jirani.

Nisalimie maman, na mkeo Jémima, mwambie nimepata ule mchanganyiko wa chai aliouulizia. Bwana akutunze huko milimani, wewe na kila unayembeba.

Ni mimi dada yako, nisiyeacha kukupenda,

Kahambu

N.B. Beseni lile Bienfait amekuja nalo nyumbani. Liko nyuma ya mlango. Nikifagia nalisogeza, kisha nalirudisha mahali pake. Ukiipokea ile bunduki, mwandikie wewe mwenyewe kwamba alirudishe kanisani. Mimi sitamwambia.