Ramani za Mama Vifungo

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 14 mwezi wa tisa.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wale mapacha wenu wanaonidai zawadi kila wakisikia sauti yangu kwenye simu. Kifua chako je? Wifi aliniambia mwezi uliopita ulikuwa unakohoa na unakataa dawa. Kunywa dawa. Umeshakuwa baba wa watu, mambo ya kubembelezwa na kijiko yamepitwa na wakati.

Huku sisi tu wazima. Mama hajambo, ila goti la kushoto humsumbua akipanda ngazi, na siku hizi mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano. Ukimwuliza atakuambia viwanda vya sindano vimeanza kubana matundu. Mimi bado niko kwenye kiwanda cha mikate. Nimepanda cheo, sasa nasimamia keki, na unene wangu usiuulize.

Wifi, najua ni wewe unayesoma kwa sauti. Nilijaribu mara moja kumwandikia mumeo kwa nukta nundu za kusomwa kwa vidole, nikazikosea, akanijibu kwamba ameelewa tarehe tu. Kwa hiyo nakutegemea. Soma taratibu na usiruke mahali, hata pale nitakapokusema.

Ningeweza kupiga simu, lakini jambo hili kwenye simu linanishinda. Nikianza kusema nalia, nikilia Mama ananinyang'anya simu, na yeye akishaishika anazungumzia bei ya nyanya. Afadhali kalamu.

Ni hivi. Shule yenu ya wasioona imetimiza miaka hamsini, na kiwanda chetu kilipewa kazi ya keki. Nilikwenda siku mbili kabla ili nipime meza, maana keki ya ghorofa tatu huwezi kuiweka juu ya meza yenye mguu mbovu. Kuingia ukumbini, nikaziona ukutani ramani zote kumi na moja alizozishona Mama, zimetiwa kwenye fremu za mbao na vioo, zinang'aa. Nilifurahi mpaka nikasahau futi yangu sakafuni. Kisha nikasoma kibao kilichokuwa chini yake. Kiliandikwa: Ramani za Kugusa, kazi ya mwalimu wetu wa jiografia. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo: Tafadhali usiguse.

Nilikisoma mara tatu, nikidhani mimi ndiye nimechanganyikiwa.

Wewe ulikuwa na miaka saba wakati ule, kwa hiyo yapo mengi usiyoyajua, na mengine Mama alinikataza kukuambia. Leo nayasema, na akinuna na anune.

Juma lako la kwanza bwenini ulipotea njia ya kwenda chooni, ukajikojolea uani, na watoto wakakucheka. Baada ya hapo ukagoma kutoka kitandani. Hata chakula uliacha kwenda kula, kwa kuwa bwalo lilikuwa mbali. Mama aliposikia, aliacha kibarua chake cha kushona magauni dukani, akaenda kuomba kazi ya kushona magodoro na mashuka ya shule. Alipewa kwa sharti moja: asikushike mkono kukuongoza, maana mzazi mmoja akianza hivyo wote watafuata, na hakuna mtoto atakayejifunza kutembea mwenyewe. Mama alikubali. Alikaa kwenye chumba cha magodoro, akakuona dirishani unapapasa ukuta na kurudi nyuma, na hakutoka. Mpaka leo akifika hapo kwenye hadithi hubadilisha mazungumzo.

Jumamosi ile alirudi nyumbani na kipande cha kitambaa cha godoro. Akashonea kamba ya katani kuwa njia na vifungo kuwa milango. Penye ngazi aliweka msasa, ili kidole kikikwaruzwa ujue kuna hatari. Penye geti aliweka zipu, inayofunguka na kufungwa kweli. Na alishona akiwa amefumba macho. Alisema akiyafumbua ataanza kushona cha kupendeza badala ya cha kushikika.

Mtu wa kujaribiwa nilikuwa mimi, nina miaka kumi na miwili. Alinifunga kitambaa usoni, akaniwekea kidole kwenye kifungo cha bweni, akaniambia niende bwaloni. Nikakwama karibu na bomba la maji. Nilitaka kwenda kucheza, kwa hiyo nikasema nimefika. Akaniuliza nimepita vifungo vingapi. Nikakisia. Hakunigombeza, alichukua wembe akafumua kazi ya siku nzima na kuanza upya. Nililia sana, na sikulia kwa ajili yako, nililia mchezo wangu. Unisamehe.

Siku chache baadaye ulikwenda bwaloni peke yako. Najua hadi leo unaamini ile ramani ya kwanza ulipewa na mwalimu wa jiografia. Ni kweli alikupa yeye, lakini ni Mama aliyemwomba akupe, ili sharti lisivunjwe. Zile zilizofuata, za mito, maziwa na miji ya nchi, mlijua ni zake, maana alikuwa akiwaita mmoja mmoja chumba cha magodoro mzijaribu kwa vidole, ndipo mkamwita Mama Vifungo. Ila wageni walipokuja shuleni walipelekwa darasani. Hakuna mgeni anayepelekwa chumba cha magodoro.

Simlaumu marehemu mwalimu. Alikuwa mtu mwema na aliwafundisha vizuri. Hakuwahi kusema ramani ni zake. Ila wakimsifu alikuwa anatabasamu, basi, na sifa zikabaki pale pale.

Nikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu nimevimba kuliko hamira. Ni kijana, amehamia mwaka jana, na kwa bahati mbaya ana adabu, kwa hiyo sikupata nafasi ya kugombana naye vizuri. Aliniambia alizikuta stoo chini ya vitanda vilivyovunjika. Kulikuwa na amri ya kuchoma takataka zote ili chumba kiwekwe kompyuta, na yeye ndiye aliyezuia. Hapo hasira yangu ikapungua nusu. Nikamweleza habari za Mama. Akamwita karani alete daftari la wafanyakazi la zamani. Mama yumo, miaka ishirini na sita, kila mwaka mstari ule ule: mshonaji, magodoro, mashuka, sare. Ramani haikutajwa hata moja. Akasema ananiamini, lakini kibao cha shule hawezi kukibadilisha kwa maneno ya binti wa mhusika. Alihitaji ushahidi wa mtu mwingine au maandishi.

Nikarudi nyumbani natafuta karatasi ya kukuandikia wewe uliyezitumia, uwe shahidi. Mama alikuwa anakunja nguo. Nikamweleza yote, nikitarajia atakasirika pamoja nami. Akasema niache, yule mwalimu alikuwa na watoto na wajukuu, waache wafurahi. Alichotaka kujua ni kama nondo wamezila. Nikamwambia sikuweza kuona vizuri, mwanga wa taa ulikuwa unarudishwa na kioo.

"Kioo cha nini?" akauliza.

Nikamwambia cha kuzitunza. Akarudi kukunja nguo. Lakini asubuhi ya sherehe, yeye ambaye alikwishakataa kwenda, nilimkuta amevaa viatu na amesimama mlangoni ananisubiri.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi wa zamani walikuja wengi, na rafiki yako Redio alikuwepo. Bado hanyamazi. Sasa anapokea simu hospitalini, na nasikia wagonjwa humpigia hata wakishapona. Mwalimu mkuu alisoma hotuba nzuri juu ya kuwakumbuka wale ambao mchango wao hauonekani. Nilikuwa nimesimama kando ya keki yangu, nimeuma meno. Mama alikaa safu ya nyuma, karibu na wapishi.

Kisha wanafunzi wa zamani wakaalikwa mbele kuzipokea tena ramani zao. Wakaongozwa hadi ukutani, watu wazima, wengine wana mvi. Wakanyoosha mikono, na ukumbi mzima tukasikia kucha zikigonga kioo, huku na huku. Redio akapapasa fremu yake juu mpaka chini, akageuka.

"Samahani," akasema, "hapa mmetuletea dirisha?"

Watu wakacheka kidogo, halafu kicheko kikafa. Mwalimu mkuu alibaki ameshika karatasi zake, na niliona usoni kwamba ndiyo kwanza ameelewa. Mdogo wangu, namhurumia. Alizipenda zile ramani kweli. Alizitunza kama mtu mwenye macho anavyotunza.

Mama akainuka huko nyuma. Unaijua sauti yake, haipandi. Alisema, "Mwalimu, hizo si picha. Naomba ziteremshwe."

Seremala wa shule akaletwa na bisibisi. Nikasogeza keki yangu pembeni, ghorofa tatu zote, nikawapa meza. Kioo cha kwanza kikatoka. Redio akaweka vidole juu ya kitambaa, akapita kwenye kamba, kifungo, kifungo, mpaka getini. Akafungua zipu, akaifunga, akaifungua tena. Hii ni mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona amenyamaza. Kisha akauliza Mama Vifungo yuko wapi. Mama akaitika yuko pale. Na wote, mdogo wangu, wote waliokuwa mezani wakageuza nyuso kuelekea ile sauti.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji daftari. Mmoja ambaye sasa ni wakili alimwambia mwalimu mkuu kwamba ziwa lilikuwa kitambaa cha mwavuli, na kwamba Mama alimrudisha mara nne chumba cha magodoro mpaka mto uache kuchanganyika na barabara. Mwingine akasema mji mkubwa ni kifungo cha matundu manne na mdogo ni cha mawili. Walikuwa wanasema kwa pamoja, wanakatizana. Mwalimu mkuu aliwasikiliza wote. Alipomaliza kusikiliza, alichukua bisibisi mwenyewe akang'oa kibao.

Akaja kwa Mama na kalamu, akamwuliza jina lake kamili. Mama akamtajia yote matatu. Kisha akaomba jina la mwalimu wa jiografia lisiondolewe, kwa sababu ndiye aliyekupelekea wewe ile ya kwanza. Akaomba pia kibao kipya kiandikwe kwa nukta nundu, na kiwekwe chini, mtoto wa miaka saba akifikie. Vioo vyote kumi na moja vimetolewa. Ramani ziko darasani juu ya meza. Nondo walikuwa wamekula vilima viwili, na Mama ameshavijaza pamba upya.

Nilijivunia mpaka keki nikaikata vipande visivyolingana, jambo ambalo kazini lingenifukuzisha. Kwa hiyo ushahidi wako hauhitajiki tena. Nilichokuandikia ni kingine.

Mwalimu mkuu alimwuliza Mama shule imshukuru kwa zawadi gani. Mimi nilishamwekea akilini kiti kizuri cha kuegemea, kwa ajili ya goti. Mama akaomba shuka moja kuukuu na vipande vya msasa. Nilimfinya, haikusaidia. Njiani nilimnunia, na tulipofika nyumbani ndipo akaniambia ni vya nini.

Anataka kushona unapoishi. Anasema miaka yote ya shule alijua kila mahali unapokanyaga, na sasa ni miaka tisa hajui hata mlango wako unafungukia upande gani. Barua zako zinasema uko salama na kazi ya kuhakiki vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji inaendelea vizuri. Tunashukuru, lakini hilo halishoneki.

Kwa hiyo kaa na wifi, mtujibu kwa urefu. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua ngapi? Ngazi ni ngapi, na zina pa kushika? Barabara unaivukia wapi, na unasikia nini kinachokuambia sasa vuka? Kiwandani unakaa karibu na dirisha? Mapacha wanalala upande gani wa ukuta wako? Wifi akikusubiri jioni, husimama wapi? Haya yote ni maswali ya Mama, mimi nimeandika tu. Na hili alisema nikuandikie kama lilivyo: "Mwambie asinifupishie."

Mpe shikamoo shangazi mkubwa mkimtembelea, umwambie dawa ya macho aliyotuma imefika. Wabusu mapacha kila mmoja mara mbili, wasigombane. Wifi, ahsante kwa sauti yako. Mungu awafunike nyote, awaondolee kikwazo mnapotoka na mnaporudi.

Shuka limetandikwa kwenye meza ya chakula tangu Jumatano, na sisi tunakula tumepakata sahani. Mpaka sasa lina kifungo kimoja tu, katikati. Ni mlango wako. Kila Mama akipita hapo hukigusa, kisha kidole chake huanza kutafuta njia ya kutokea, na njia haipo bado.

Akupendaye na kukungoja,
Dada yako.